Taya Nililolifuta

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeketi kwenye benchi la hospitali akiwa amefunika shavu kwa ncha ya kanga, anajifanya jino linamuuma. Mimi si daktari. Ukitaka kujua uvimbe wa taya unatoka wapi, muulize aliyesomea, maana hata mimi nilipoelezwa nilielewa nusu tu, na nusu hiyo nimeshaisahau. Ninachokijua ni benchi lenyewe, uji wa mrija, kioo, na jinsi watu wa nyumbani wanavyoanza kukutazama kwenye paji la uso wakati wanazungumza na wewe. Hayo nitakueleza. Nitakueleza pia kosa nililolifanya, ili wewe usilirudie.

Naitwa Adventina. Hapa Nkwenda, wilayani Kyerwa, wengi wananiita Mama Koku, kwa jina la binti yangu wa pekee, na wengine Mama Picha. Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge. Ina stuli mbili, taa mbili, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa huku aliyewahi kuyaona. Picha za pasipoti, kipaimara, sendofu za kuaga mabinti wanaoolewa, harusi, na zile za kuweka juu ya jeneza, zote nimepiga.

Aliyenifundisha kazi ni kaka mmoja wa Kayanga, na alinipa masharti ya picha ya mwanamke. Mwanaume mwache akae anavyotaka. Mwanamke mwinamishe kichwa kidogo, mkono shavuni, macho chini. Bibi harusi ndiyo usiseme. Kwetu Wanyambo, binti anayeagwa akiwatazama watu usoni watasema ana macho makavu, hana uchungu na kwao. Ukishapiga unakaa kwenye kompyuta unamsafisha: unafuta chunusi, unafuta kovu, unafuta mikunjo, unang'arisha ngozi, mpaka wanawake wote wa Kyerwa wanatoka kama waliozaliwa na mama mmoja. Nilikuwa hodari kweli kweli. Mteja alikuwa anaishika picha yake, anacheka, anauliza, "Huyu ni mimi kweli?" Na mimi nilidhani ananisifu.

Nilisafisha waliokaa mbele tu. Waliotokea kwa nyuma, wapishi, watoto, wapita njia, sikuwagusa, kwa kuwa hakuna mteja anayewaulizia. Nikishamaliza nilifuta ile picha mbichi, yaani ya kwanza kabla sijaigusa. Kompyuta yangu ni ya zamani na inajaa upesi. Nani angeitaka picha mbichi?

Uvimbe ulianza msimu wa kahawa. Ulikuwa chini ya meno ya nyuma, upande wa kushoto, mdogo kama punje ya haragwe, na haukuuma. Nilikwenda kung'oa jino, halafu nikang'oa la pili, na uvimbe ukabaki pale pale. Wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa wa mwisho wa mwaka, nilijipiga picha ya kitambulisho cha umoja wa wanawake kanisani. Nilipoifungua kwenye kompyuta niliona shavu limepinda. Nakuapia sikufikiri hata kidogo. Mkono wenyewe ulikwenda, ukalainisha, nikawa mzuri. Krismasi tulipiga picha ya familia, nikalainisha. Kaka yangu alioa, nikalainisha. Mume wangu, Gration, ananunua mazao na anashinda barabarani, na picha zangu zilikuwa kwenye simu yake na ukutani. Nilipomwambia naona kama linakua, alitazama ukuta kwanza.

"Mbona sioni kitu?" alisema.

Nami nikaacha kuongea habari hiyo, kwa sababu ilinifaa asione.

Msimu wa kahawa uliofuata uvimbe ulikuwa umefikia ukubwa wa yai. Tukapanda basi kwenda Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Pale nilikaa benchi siku tatu. Ushauri wangu kuhusu benchi: nenda na kitu cha kushika mkononi. Mimi nilisuka ukili, na waliokaa karibu nami walianza kuuliza habari za mkeka badala ya habari za shavu. Ilikuwa nafuu kubwa.

Daktari alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Huu ulianza lini?"

"Mwaka jana, wakati wa kahawa. Sikumbuki vizuri."

"Huna picha za miezi iliyopita? Nikiziona zitanisaidia kujua unakua kwa kasi gani."

Nilicheka. Kati ya wagonjwa wote waliokuwa kwenye lile jengo, wa kuulizwa swali hilo ni mimi! Gration akatoa simu kwa kujivuna, akampitisha: kitambulisho, Krismasi, harusi ya kaka. Daktari alizitazama moja moja.

"Mama, hapa huna uvimbe."

"Nilikuwa nao."

"Mbona hauonekani?"

"Niliufuta."

Hakunigombeza. Ingekuwa heri angenigombeza. Alisema tu kwamba huenda, kama ungeonekana mapema, wangeukwangua bila kukata mfupa. Alisema huenda. Neno hilo nimelibeba mpaka leo, na sijui pa kulitua. Gration alirudisha simu mfukoni.

Walitoa nusu ya taya langu la kushoto wakaweka bamba la chuma. Gration alilazimika kurudi kwenye kahawa, na aliyekaa na mimi wodini alikuwa mama yangu, aliyetoka Bugene na kapu lake la ndizi kana kwamba Mwanza hakuna ndizi.

Nimweleze mama kwa maneno, maana picha nilizomtengenezea hazitakusaidia. Alikuwa mfupi. Meno mawili ya juu hayakuwepo. Kando ya pua alikuwa na chunjua kubwa kama punje ya kahawa, na wajukuu wote, akiwabeba, walikuwa wanaibonyeza kama swichi ya taa, naye anatoa sauti ya honi ya lori. Mdomo wangu ulikuwa umekufa ganzi, udenda unatiririka bila mimi kujua. Mama alifuta. Alisaga ndizi na maharage, akachuja, akaninyweshea kwa mrija, na kila nilipopaliwa alisubiri.

"Meza, mwanangu. Hatuna haraka, basi limeshaondoka," alikuwa akisema, ingawa hapakuwa na basi lolote.

Siku bandeji ilipotolewa wageni wa wodini waligeuza nyuso pembeni. Yeye alisogeza uso wake karibu, akanitazama pale pale kwenye mshono, muda mrefu, kama anayesoma barua.

"Wamekushona vizuri," alisema. "Huyu aliyekushona ana mke mwenye bahati."

Hakuna mtu mwingine aliyenitazama taya kwa miezi mingi baada ya hapo. Ukiwa na mtu mmoja wa namna hiyo, mshike.

Jeraha lilikataa chuma. Likatoa usaha, na wakati wa senene tulirudi Mwanza, bamba likatolewa. Shavu likaingia ndani, kidevu kikahamia kushoto. Kutamka kukawa kazi. Mtu akinipigia simu anadhani nimelewa. Nyumbani nilianza kula peke yangu jikoni kwa sababu Gration alikuwa akishika kijiko na kukiacha. Hakuwahi kusema neno baya. Alikuwa anashiba haraka tu. Binti yangu Koku, mchangamfu wa nyumba, alikuwa ananipa uji huku anatazama dirishani.

Kiangazi kilichofuata mama alianguka kwenye kibanja chake cha migomba, akiwa na panga mkononi, na hakuamka. Presha, walisema.

Picha ya jeneza niliitengeneza mimi. Ningemwachia nani? Nilichukua ile ya jubilei yake ya kanisa, niliyokuwa nimeisafisha miaka iliyopita kwa upendo wote, nikaikuza, nikaiwekea fremu. Tulipokuwa tunaaga, binti mdogo wa kaka yangu, wa miaka minne, alinyanyuliwa aone. Aliitazama picha, akamtazama baba yake.

"Huyu nani?"

"Si ni bibi?"

"Siyo bibi. Huyu hana kile cha kubonyeza."

Watu walicheka kidogo, wale wa msibani wanaotafuta pa kupumulia. Mimi nilikwenda kujificha nyuma ya migomba. Nilikuwa nimemfuta. Chunjua, mikunjo, lile pengo la meno ambalo nililijaza meno ya mtu mwingine, vyote nilivifuta kwa mkono wangu, na picha mbichi nikazitupa. Baada ya arobaini nilifungua kompyuta nikatafuta siku nne. Nilimkuta mwanamke mweupe, laini, ameinamisha kichwa, mkono shavuni. Mama yangu hakuwahi kuinamisha kichwa maishani mwake isipokuwa anapalilia. Hakuna msiba kama huo, wa kumzika mtu halafu kugundua kwamba ulishamzika zamani bila kujua.

Ndipo nilipoanza kujipiga picha.

Nililitoa pazia la maporomoko, ukaonekana ukuta mtupu wenye ufa. Niliweka kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaitegesha ijipige yenyewe, nikakaa kwenye stuli. Mikono niliiweka mapajani. Kichwa nilikiinua. Nikaitazama kamera usoni, kwa macho makavu kabisa. Ile ya kwanza nilishindwa kuitazama mpaka kesho yake. Baadaye nikawa najipiga kila ninaporudi kliniki, vumbi la safari likiwa bado kwenye nywele. Nilijipiga nikinywa uji udenda unashuka. Nilijipiga na gauni la kanisani, nikajipiga na panga kibanjani, nikajipiga nimetoa ulimi, kwa sababu hata mgonjwa ana utani wake. Hakuna hata moja niliyoigusa. Mkono ulitaka, jamani, mkono ulikuwa unawasha. Nilikuwa naukalia.

Nje ya mlango wa studio kuna ubao wa kuonyesha kazi zangu. Nilibandua maharusi wote walioinama, nikabandika nyuso zangu tisa.

Gration aliziona akitoka kununua maharage. Aliingia akasimama.

"Mama Koku, unanifanyia nini? Watu wanapita pale."

"Ndiyo maana nimeziweka pale."

"Mwanamke anapiga picha akiwa amependeza. Ukiwa hujapendeza, unasubiri."

"Nisubiri nini, Baba Koku? Taya liote?"

Alitoka, na kuanzia siku hiyo akawa anapita njia ya sokoni. Wateja wa sendofu nao walipungua. Mwenye nyumba moja ya wageni alikuja kutafuta picha za kupamba vyumba, akataka mwanamke wa asili, mwenye kikapu kichwani, anatabasamu. Nikamwambia ninaye, nikamtolea yangu, kikapu cha kahawa kichwani, nimemkazia macho. "Aa, Mama Koku," alisema, "wageni wangu watahama." Tukacheka wote wawili. Alipoondoka nililia mpaka mashavu yakauma, hata lile lisilosikia kitu.

Lakini alikuja pia mama mmoja kutoka karibu na mpaka, amejifunga kanga mpaka puani. Alisimama mlangoni.

"Yule wa hapo nje ni nani?"

"Ni mimi."

Akafungua kanga. Uvimbe wake ulikuwa bado mdogo, kama limao changa. Nilimpiga picha kwa mbele, nikampiga kwa ubavu, sikugusa kitu, nikamwekea kwenye simu yake. "Nenda wiki hii," nilimwambia. "Daktari akiuliza picha, mwonyeshe hizi." Alikwenda. Taya lake analo. Hilo ndilo tunda pekee la ubao ule ninaloweza kukuonyesha.

Sasa nifike kwenye kile ambacho bado kinanichoma.

Koku alichumbiwa na kijana anayefanya kazi ofisini Rubwera. Wakwe walikuja, wakapita mbele ya ubao wangu. Sendofu ilipangwa baada ya kahawa. Nilishona gauni. Nilifanya mazoezi ya kutabasamu kwa upande unaotii. Nilikuwa na haja moja tu: picha moja, mimi na mwanangu, kabla hajaondoka, nyuso zetu zilivyo. Nilikuwa nimejifunza kwa mama yangu gharama ya kukosa picha ya namna hiyo.

Siku yenyewe, wifi yangu, dada yake Gration, alinijia mapema akiwa ameshika kamera yangu. Alikuwa ameitoa studio mwenyewe.

"Wifi, tumemkosa mpiga picha. Na hata tungempata, nani atampiga Koku kama wewe mama yake?"

Lilisemwa kwa adabu kiasi kwamba nilishika kamera kabla sijaelewa. Nilipiga tangu asubuhi. Koku na baba yake. Koku na shangazi. Koku na wakwe. Keki, zawadi, nyimbo. Kila nilipotaka kumpa mtu kamera, wifi alikuwa pale: "Bado hawa, bado wale." Koku aliinamisha macho kama inavyotakiwa, na hakuyainua hata nilipomwita jina. Jua lilipoanza kushuka nilimwambia wifi kwamba amenifukuza kwenye sherehe ya mwanangu.

Akaniangalia paji la uso.

"Usinilaumu mimi. Aliyeomba ushike kamera ni Koku mwenyewe."

Nilisafisha picha zile? Hapana. Nilizichapa zilivyo, na jasho lao na poda yao iliyokatika, nikaziweka kwenye albamu, nikampa mtu aipeleke Rubwera. Kwenye picha zote, mimi sipo hata kwa kisigino. Nililala siku mbili nimegeukia ukuta. Ugonjwa ulinitoa mfupa nikasimama. Siku hizo mbili sikuweza.

Baada ya harusi Koku alipiga simu mara moja.

"Mama, nimemaliza kuangalia albamu. Wewe uko wapi?"

"Nipo nyuma ya kamera, pale mliponiweka."

Simu ikakatika. Wiki tatu hakupiga tena. Nilidhani nimempoteza.

Jana, asubuhi ya manyunyu, bodaboda ilisimama mbele ya studio na Koku akashuka, matope mpaka magotini. Hakunisalimia. Alitoa bahasha kifuani, akaniwekea mezani.

Ilikuwa picha ya harusi ya jirani zetu wa Bugene, ya zamani, kazi yangu mwenyewe. Bibi harusi yuko mbele, laini, ameinama. Koku aliweka kidole kwa nyuma, kushoto, kwenye kundi la wanawake wanaomenya ndizi.

"Angalia hapa."

Mdogo kama ukucha, ukungu kidogo, lakini ni yeye. Kisu mkononi, kilemba kimekaa upande, kinywa wazi kwa kicheko, pengo la meno mawili, na kando ya pua kidoa cheusi. Sikuwa nimemsafisha kwa sababu alikuwa nyuma. Na hakuwa anatazama ndizi. Alikuwa ananitazama mimi. Mama yangu alikuwa ananichekea mimi, na mimi nilikuwa nikimwambia mtoto wa watu ainamishe kichwa.

Sijui nililia muda gani. Koku alikuwa ameshika bega langu.

"Nimezunguka nyumba kumi na moja," alisema. "Kila aliyewahi kuozesha binti karibu na kwa bibi nimemwomba albamu. Mama, nilimtuma shangazi. Niliogopa wakwe. Niliona aibu."

"Najua."

"Nilivyokuwa nafungua zile albamu, nikawa najiona mimi nikiwa mzee. Natafuta hivi hivi, nyuma ya maharusi wa watu, ninakutafuta wewe." Akafuta pua kwa mkono. "Sitaki, mama."

Akanitazama. Hakutazama paji la uso, alinitazama taya, pale kwenye mshono, kama alivyonitazama mama yangu siku ile ya bandeji.

Sikumwambia neno la kumsamehe, halikutoka, na bado halijatoka lote. Niliwasha taa. Nilitegesha kamera. Kisha nikavuta ile stuli ya pili, nikaiweka kushoto kwangu, upande usio na taya, nikamwonyesha akae hapo.